Taa ya kichwani kwa usiku wa Kilimanjaro na kambi nyinginezo: namna ya kuichagua bila kudanganywa na sanduku

Saa nane usiku, juu ya Kambi ya Barafu, taa yangu ya kichwani ilizimika. Haikufifia kwanza, haikupepesa. Ilikata tu, kama kibatari kilichopulizwa. Sanduku lake lilikuwa limeandikwa lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na aliyeniuzia alinimulika nayo usoni mchana kweupe hadi nikaona nyota. Nikatoa pesa hapohapo. Saa nne zilizobaki hadi Stella Point, ukingoni mwa kreta, nilipanda nikifuata visigino vya mwongozaji wetu. Yeye alikuwa na taa ndogo ya zamani, lastiki yake imelegea na kupigwa fundo, na ilikuwa inawaka vilevile tangu tulipoondoka kambini.

Mwongozo huu ni kwa anayejiandaa na safari ya namna hiyo. Nimechukua Kilimanjaro kuwa mfano kwa sababu ndiyo mahali ambapo taa hujaribiwa kwa kila kitu mara moja: baridi, vumbi, saa nyingi na vidole vilivyokufa ganzi. Taa itakayofaa pale haitakuangusha Meru, Point Lenana ya Mlima Kenya, Mikumi wala ufukweni. Na nitakachokirudia ni kimoja: usianze na lumeni, anza na saa za giza.

Hatua ya 1: Hesabu saa za giza

Maelezo mengi ya taa hizi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaopiga kambi majira ya joto, wakati kwao kuna mwanga hadi saa tatu au saa nne usiku. Mtu wa huko hutumia taa kutafuta mswaki na kulala. Kwetu karibu na ikweta giza ni la takriban saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Hilo peke yake linabadilisha hesabu yote.

Chukua karatasi. Tuseme unapanda kwa njia ya Machame, siku saba, usiku sita. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Hapo kuna chakula cha jioni, kupanga begi, kwenda msalani, kisha kulala saa tatu. Weka saa mbili na nusu za taa kila jioni, na ukijumlisha jioni tano kabla ya kilele unapata kama saa 12 za mwanga mdogo. Kisha usiku wa kilele wenyewe: unaamshwa saa tano kuvaa na kunywa chai, mnaondoka saa sita, kunapambazuka karibu saa kumi na mbili na robo. Weka saa 7 za taa isiyozimwa.

Saa 12 za mwanga mdogo, saa 7 za mwanga wa kutembea. Hizo ndizo namba zako. Anayekwenda Mikumi kwa gari atakuwa na nyingine: saa nne kila jioni kwa sababu ya kupika, ila anaweza kuchaji kwenye gari kila siku. Andika zako mwenyewe kabla hujaingia dukani.

Hatua ya 2: Amua unahitaji mwanga kiasi gani

Ndani ya hema, lumeni 5 hadi 10 zinatosha, na zikizidi hapo mwenzako anaanza kuguna. Kupika na kuosha vyombo ni 30 hadi 50. Kutembea kwenye njia inayoonekana, 50 hadi 100. Kupanda kutoka Barafu au Kibo Hut usiku, 100 hadi 150, na hapo sijabana, maana mwendo wenyewe ni polepole na unachotazama ni mita mbili mbele ya kiatu. Lumeni 300 na zaidi ni za dakika chache: njia imepotea, au kuna kitu kimekohoa nyuma ya hema.

Watu hudhani mwanga mwingi ni usalama. Jicho la binadamu huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na sekunde moja ya mwanga mkali kuharibu kazi hiyo. Mwenye taa kali mlimani huona duara jeupe mbele yake na ukuta mweusi pande zote. Mwenye taa ndogo huona duara hafifu, na mlima pia.

Hatua ya 3: Badili saa kuwa nishati

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, kwa sababu hesabu hii haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya, na ukishaijua hakuna sanduku litakalokudanganya.

Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Zipo zinazozidi hapo, lakini shika 100, ni rahisi na haikupi matumaini ya bure. Betri nayo ina wati-saa zake: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri tatu ndogo za AAA, zile za rimoti, kwa pamoja zina kama wati-saa 4. Betri ndogo ya kuchaji ya volti 3.7 na miliampea-saa 1,250, ambayo utaikuta kwenye taa nyingi za kampuni zinazojulikana, ina 4.6. Betri moja ya 18650, ile nene kama kidole gumba inayopatikana pia ndani ya pawabenki na kompyuta za zamani, ikiwa ya miliampea-saa 3,500 ina kama 12.6.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Saa 12 kwa lumeni 20 ni wati 0.2 mara 12, yaani wati-saa 2.4. Saa 7 kwa lumeni 120 ni wati 1.2 mara 7, yaani 8.4. Jumla inakaribia 11. Ongeza theluthi kwa ajili ya baridi, ufike kama 14 au 15.

Maana yake ni nini? Taa ya AAA itahitaji seti nne. Taa ya betri ndogo ya kuchaji itahitaji kuchajiwa mara mbili au tatu njiani, na hata ikiwa imejaa kabisa jioni ile ya kilele haitafika asubuhi bila betri za akiba. Betri moja ya 18650 inakaribia kutosha, na ya pili mfukoni inamaliza maneno. Ukipanga safari yako iangukie mbalamwezi, utaweza kushuka hadi lumeni 60 au hata kuzima kabisa kwenye changarawe iliyo wazi, na hesabu inapungua karibu nusu.

Sasa ile taa yangu ya lumeni 20,000. Ingehitaji wati 200. Betri yake ilikuwa moja ya 18650, kwa hiyo hata kama ingekuwa halisi ingekwisha kwa dakika zisizofika nne. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati ya LED hugeuka joto, ningekuwa nimefunga kwenye paji la uso kitu chenye moto kuliko chuma cha kulehemu cha fundi redio, ambacho hutumia wati 40 au 60 tu. Ukitaka kipimo kingine, balbu ya halojeni ya H4 ya gari hutoa kama lumeni 1,000 ikiwa dimu na 1,650 ikiwa fulu. Anayekuambia taa ya mkanda inazidi magari kumi anakutania.

Betri nazo zina uongo wake. Ukiona 18650 imeandikwa 9,900, irudishe. Betri bora za ukubwa huo ni za takriban 3,500. Njia rahisi ya kuikamata ni mizani: halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na feki nyingi ni nyepesi waziwazi, kwa sababu ndani wameweka betri ndogo na nafasi tupu.

Hatua ya 4: Soma sanduku kama mkataba

Tafuta maandishi ANSI FL1. Ni kiwango cha upimaji wa taa za mkononi na za kichwani kilichotoka Marekani mwaka 2009, nacho huwalazimisha wanaokitumia wapime kwa namna moja. Taa isiyo na alama hiyo si lazima iwe mbaya, ila namba zake huna cha kuzilinganisha nacho.

Hata hivyo FL1 ina mambo mawili ya kuyajua. Muda wa kuwaka hupimwa hadi mwanga uliposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo sanduku likisema lumeni 400 kwa saa 4, haina maana kwamba utapata 400 kwa saa zote hizo. Huenda ulipata 400 kwa dakika kadhaa, kisha 150, ukamalizia na 40. Ndiyo maana hesabu ya wati-saa inaishinda kwa ukweli namba ya sanduku. Kampuni nyingine huchapa mchoro wa jinsi mwanga unavyoshuka. Ukiuona mstari ulionyooka kisha ukaanguka ghafla, taa hiyo inadhibiti umeme wake: itakupa mwanga uleule hadi mwisho, lakini mwisho wenyewe ni wa ghafla. Mstari unaoteremka polepole ni wa taa inayofifia na kukupa onyo. Mimi, baada ya yaliyonipata, napenda ya kwanza ikiwa tu ina kitaa kidogo cha kuonyesha chaji iliyobaki.

Jambo la pili ni umbali. Mita zinazoandikwa ni hadi pale mwanga unapobaki laksi 0.25, sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu anga likiwa safi. Kwa mbalamwezi unamwona mtu amesimama. Hulioni jiwe litakalokukwaza. Gawanya kwa mbili, au zaidi.

Maji: IPX4 huvumilia maji yanayorushwa kutoka kila upande, yaani mvua. IPX7 huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa kambi IPX4 yatosha. Hiyo X inamaanisha vumbi halikupimwa, na kwa mtu wa majivu ya volkano ya Kibo au barabara za Serengeti wakati wa kiangazi, IP67, ambayo 6 yake ni ya kuzuia vumbi, ina raha yake.

Hatua ya 5: Chagua betri kwa kufikiria baridi

Usiku wa kilele joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Betri za kawaida za alkali huteseka mapema sana. Ikifika sifuri tayari zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu. Za kuchaji za lithiamu ni bora kidogo. Zinazoivumilia baridi kuliko zote ni za AA na AAA za lithiamu zisizochajika, ambazo hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na ni nyepesi kuliko za alkali. Ni ghali na hazipatikani kila duka, na hakikisha maelezo ya taa yanaziruhusu.

Ukiniuliza, chaguo la busara ni taa inayokubali betri ya kuchaji na za AAA pia. Unatumia ya kuchaji jioni zote, unaiwekea AAA za lithiamu usiku wa kilele. Aina ninayoiepuka kabisa mlimani ni ile ambayo betri yake imefungiwa ndani na haitoki. Nyumbani haina tatizo, hata kwa mbio za asubuhi au kwa bodaboda anayerekebisha mnyororo gizani ni nzuri. Ila ikikwisha saa nane usiku, pawabenki yenyewe imeganda na waya unaning'inia puani, utanikumbuka.

Anayesafiri kwa ndege kuja Kilimanjaro aweke betri za lithiamu za akiba kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege.

Hatua ya 6: Mwanga mpana, mwanga wa mbali, na mwekundu

Mwanga mpana ni wa hema, sufuria na miguu. Mwanga mwembamba wa mbali ni wa kutafuta. Taa nzuri ina vyote viwili, na ukilazimika kuchagua kimoja chukua mpana, isipokuwa unalala porini kwenye kambi isiyo na uzio. Huko, kabla ya kutoka hemani usiku, fungua zipu kidogo na upitishe mwanga wa mbali taratibu pande zote. Macho ya wanyama wengi wa usiku yana utando nyuma unaorudisha mwanga, na kwa kuwa taa yako iko karibu na macho yako utayaona yaking'aa mbali kabla hujauona mwili. Macho yakikutazama, wewe msalani huendi.

Lakini ukaribu huohuo wa taa na macho una hasara. Mwanga unaotoka usawa wa macho hauonyeshi vivuli, kwa hiyo mawe na mashimo huonekana bapa. Na kwenye ukungu, kama ule wa msitu wa Machame, au kwenye vumbi, mwanga hukurudia usoni kama pazia jeupe. Dawa ni moja: vua taa, ishike mkononi usawa wa kiuno au uifunge kwenye mkanda wa begi. Vivuli vinarudi, pazia linaondoka. Jaribu mara moja, utashangaa.

Mwanga mwekundu hauharibu mazoea ya macho na giza kama mweupe, na wadudu hawaufuati sana kama mweupe. Ufukweni una kazi nyingine: kasa anayepanda kutaga, kama wale wa kisiwa cha Juani kule Mafia, husumbuliwa na mwanga mweupe. Hakikisha tu kwamba mwekundu unawashwa moja kwa moja. Zipo taa ambazo lazima upitie mweupe mkali kwanza, na hapo faida yote imekwisha. Zile zenye mwanga wa zambarau usioonekana vizuri zina mchezo wake, maana nge hung'aa chini ya mwanga huo, ila sijaona sababu ya kulipia zaidi.

Hatua ya 7: Ishike, ivae, ibonyeze

Vaa glavu dukani, ndiyo, watakucheka, kisha jaribu kuiwasha, kubadili mwanga na kuizima. Kitufe kikubwa kimoja au viwili, vilivyotokeza. Kama ili kuzima unapita kwenye mwanga wa kumetameta, achana nayo. Lazima kuwe na namna ya kufunga kitufe ili isijiwashe ndani ya begi. Nimeona zaidi ya mtu mmoja akifika kambini na begi linalowaka kama karabai.

Bawaba ya kuinamisha taa iwe na hatua zinazoshika, isilegee ukitikisa kichwa. Mkanda upite juu ya kofia ya sufi bila kuteleza. Uzito: chini ya gramu 100 hutaisikia. Ikizidi hapo, betri ikae kisogoni, la sivyo taa itakupiga paji la uso kila hatua.

Hatua ya 8: Ijaribu nyumbani kabla ya safari

Ijaze chaji, iweke kwenye kiwango utakachotembelea, andika saa, na uiache iwake hadi ushindwe kusoma kitabu umbali wa hatua moja. Muda huo ndio wa kweli, hata kama sanduku linasema vingine. Kisha ijaze tena chaji na uiweke kwenye friza saa moja. Friza ya nyumbani huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi tosha kabisa. Itoe, iwashe, pima tena. Usiichaji ikiwa bado ya baridi, maana betri ya lithiamu huharibika ikichajiwa chini ya sifuri. Iache ikauke na kupata joto kwanza.

Mwisho, zima taa za chumba, vaa glavu, na ubadilishe betri gizani kwa kupapasa. Ukishindwa sebuleni, kwenye mita 5,000 hutaweza. Kwangu zoezi hili ndilo lililonifanya niache kutegemea betri za akiba peke yake na kubeba taa ya pili, ndogo, ya gramu 40 hivi. Kubadili taa ni rahisi kuliko kubadili betri, na mara nyingi taa ya pili huishia kichwani kwa mtu mwingine.

Usiku wenyewe

Lala na taa na betri zote ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu. Za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, si kwenye begi la mgongoni. Anza na mwanga mdogo. Mkiwa kwenye msururu, taa ya aliye mbele na ya aliye nyuma zinakusaidia, kwa hiyo huhitaji nguvu yote. Mtu akikusemesha, inamisha taa kabla hujageuka. Wapagazi, wagumu kama wanavyojiita wenyewe, wanaijua adabu hii kuliko wageni wote.

Anga likianza kuwa jekundu upande wa Mawenzi, zima, funga kitufe, na uirudishe mfuko wa ndani. Usiitupe chini kabisa ya begi ukidhani kazi imekwisha. Siku hiyohiyo mnashuka hadi Mweka, na mwenye magoti mabaya anaweza kukuta jioni imefika kambini kabla yake.